Mbio za Muda wa Saa 8 Kwenye Mzunguko wa Vilima: Hesabu Mizunguko, Usihesabu Kilomita

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Nimejiandikisha kwa mara ya kwanza katika mbio za porini za muda wa saa 8, zitakazofanyika baada ya wiki 10. Mzunguko una kilomita 6, na jumla ya kupanda katika kila mzunguko ni mita 210. Kwanza kuna mlima wa kilomita 1.4 wenye mwinuko wa mita 130, kisha njia ya kupanda na kushuka kidogo kidogo kwa zaidi ya kilomita 2, kisha kilima kikali cha mita 250 chenye mwinuko wa mita 60, halafu mteremko wa kilomita 2 wenye mawe hadi tulipoanzia. Mizunguko kamili tu ndiyo inayohesabiwa. Nimewahi kukimbia marathoni ya barabarani kwa saa 4 na dakika 10, lakini milimani sina uzoefu mkubwa. Nitarajie mizunguko mingapi? Nikimbie vilima mapema nikiwa bado na nguvu ili nijiwekee akiba ya muda, au nitembee tangu mwanzo? Na nisimame mara ngapi kula?

JIBU: Asante kwa swali lililokuja na vipimo vyake. Wengi huuliza namna ya kukimbia milimani bila kusema mlima wenyewe una urefu gani, na jibu la swali la aina hiyo haliwezi kuwa zaidi ya kubahatisha. Vipimo ulivyotoa vinatosha kufanya hesabu ya kweli, nami nitaanza na hesabu hiyo kwa sababu ndiyo inayojibu maswali yako mengine, likiwemo hilo la akiba ya muda.

Katika mbio za kawaida umbali unajulikana na muda ndio unaotafutwa. Katika mbio za muda mambo yamegeuka, muda umefungwa na umbali ndio matokeo. Kwa kuwa nusu ya mzunguko haihesabiwi, matokeo yako hayawezi kuwa kilomita 51 wala 52 na nusu: yatakuwa kilomita 48, yaani mizunguko minane, au kilomita 54, yaani mizunguko tisa. Saa 8 ni dakika 480. Ukizigawanya kwa minane unapata dakika 60 kwa kila mzunguko, na ukizigawanya kwa tisa unapata dakika 53 na sekunde 20, kituo cha huduma kikiwa ndani ya hesabu hiyo. Tazama jambo linalotokea katikati ya namba hizo mbili. Mkimbiaji ambaye wastani wake ni dakika 54 na yule ambaye wastani wake ni dakika 59 watatangazwa na idadi ile ile ya mizunguko, ingawa mmoja amejichosha kuliko mwenzake. Kwa hiyo swali lako la msingi siku hiyo ni moja: je, mimi ni mtu wa minane au wa tisa, na nitalijua hilo saa ngapi?

Kabla hatujaendelea, soma kanuni za waandaaji kwa makini, au waandikie uwaulize mambo mawili. La kwanza ni iwapo mzunguko ulioanza kabla ya muda kwisha na kukamilika baada yake unahesabiwa. Yapo mashindano yanayoufuta, yapo yanayoukubali ilimradi mkimbiaji ameuanza kabla ya muda kutimia, na yapo yanayofungua mzunguko mfupi katika saa ya mwisho ili watu wasikae bure. Hesabu zangu zote hapa zinachukulia kwamba unafutwa. La pili ni namna wanavyowapanga wakimbiaji wenye idadi sawa ya mizunguko. Utaratibu uliozoeleka ni kwamba aliyekamilisha mzunguko wake wa mwisho mapema ndiye anayetangulia, na jambo hilo lina uzito kuliko linavyoonekana, kama utakavyoona mbele. Usizichanganye mbio hizi na zile za mtindo wa Backyard Ultra, uliobuniwa na Gary Cantrell wa Tennessee, Marekani, ambapo wakimbiaji wote huanza upya kila saa kwenye mzunguko wa kilomita 6.706 hadi abaki mmoja. Kule, kumaliza mzunguko mapema hakukupi chochote ila mapumziko. Kwako wewe, kila dakika unayookoa inahamia kwenye mzunguko unaofuata.

Sasa tuupime mlima. Shirika la kimataifa la mbio za porini, ITRA, hutumia kipimo rahisi cha kulinganisha njia zenye vilima: chukua kilomita za njia, kisha ongeza kilomita moja kwa kila mita 100 za kupanda. Wazo lenyewe ni la zamani, kwani mwaka 1892 Mskoti William Naismith aliwashauri wapanda milima waongeze saa nzima kwa kila futi 2,000 za kupanda, yaani mita 600 hivi. Kwa kipimo cha ITRA mzunguko wako wa kilomita 6 una uzito wa kilomita 8.1 za tambarare. Mizunguko minane inakuwa sawa na kilomita 64.8, na tisa inakuwa sawa na kilomita 72.9.

Tuchukue marathoni yako ya dakika 250 na kuipitisha kwenye kanuni ya mhandisi Pete Riegel, aliyekadiria kwamba muda huongezeka kwa uwiano wa umbali uliopandishwa kwenye kipeo cha 1.06. Kwa mizunguko minane tunapata dakika 394 hivi, na kwa tisa tunapata dakika 446. Usizichukue namba hizi kama ahadi, kwa sababu kanuni yenyewe ilitokana na mbio za ardhi laini ambazo mkimbiaji amezifanyia mazoezi ya kutosha, na haijui lolote kuhusu mawe, mizizi, matope wala mapaja yasiyozoea kushuka. Hata hivyo zinaonyesha jambo muhimu. Kwa minane una dakika 86 za ziada, ambazo zinatosha kumeza makosa mengi. Kwa tisa unabakiwa na dakika 34, na ukitoa dakika kumi au kumi na moja za kupita vituoni, zinabaki 23 za kugawanya kwa mizunguko yote, yaani dakika mbili na nusu hivi kwa kila mmoja. Kwa hukumu yangu, minane ni yako hata siku ikiwa mbaya kiasi. Ya tisa inawezekana, lakini itapatikana tu ikiwa hutaipoteza katika saa mbili za kwanza.

Hapo ndipo linapoingia swali lako la kukimbia vilima mapema, na jibu langu ni hapana. Mwaka 2002 mtafiti Alberto Minetti na wenzake walichapisha vipimo vya nishati inayotumika kukimbia na kutembea kwenye miinuko ya aina nyingi, na kwa mujibu wa vipimo hivyo, mita moja ya kukimbia kwenye mwinuko wa asilimia 9, ambao ndio wastani wa mlima wako mrefu, inagharimu karibu mara 1.6 ya mita moja ya tambarare. Kwenye mwinuko wa asilimia 24, ambao ndio wa kile kilima kifupi, inakaribia mara tatu. Sasa fanya hesabu ya faida. Ukitembea kwa bidii kwenye zile mita 250 utatumia dakika 5 hivi. Ukizikimbia huenda ukatumia dakika 3 na sekunde 40. Umeokoa sekunde 80, lakini umefika juu mapigo ya moyo yakiwa yamepanda karibu na kikomo chako, na kilima hicho kinafuatwa mara moja na mteremko wa mawe unaohitaji akili iliyotulia na miguu inayotii. Wengi wanaokimbia kilima kama hicho hupoteza sekunde zote hizo katika mita mia chache zinazofuata, wakishuka huku wakitafuta pumzi. Unachokiita akiba, kwenye njia kama hii, ni mkopo, na anayeulipa ni wewe wa mzunguko wa saba.

Kilima kifupi, basi, utembee kuanzia mzunguko wa kwanza, hata kama watu hamsini watakupita wakikimbia na hata kama utajisikia aibu kidogo. Tembea kwa kazi, usitembee kama mtu aliyekata tamaa: hatua fupi, kiwiliwili kimeinama kidogo kuanzia kiunoni, viganja juu ya mapaja, na kila goti linaponyooka mkono ulisukume chini. Mahali ambapo njia inaruhusu, acha kisigino kiguse ardhi, kwa sababu anayepanda kwa ncha za vidole muda wote hupeleka kazi yote kwenye mashavu ya miguu, nayo huanza kukakamaa ifikapo saa ya tano. Fimbo za kutembelea zinasaidia sana kwenye mwinuko wa aina hiyo, ikiwa kanuni zinaziruhusu na ikiwa umezifanyia mazoezi. Kama hujazizoea, ziache nyumbani, maana zitakuwa mzigo wa mikono na hatari kwa wanaokufuata kwa karibu.

Mlima mrefu unahitaji ujanja zaidi, kwa sababu asilimia 9 ni wastani, na ndani ya wastani huo kuna sehemu zilizolala na sehemu zilizosimama. Hapa ndipo mzunguko unapokupa zawadi ambayo njia ya kwenda moja kwa moja haiwezi kukupa: utaupita mlima ule ule mara nane au tisa, na unaweza kuugawa. Katika mzunguko wa kwanza panda ukiwa unatazama na kuchagua alama, kwa mfano jiwe kubwa la kushoto, kona ambapo mizizi inavuka njia, mti uliolala, na uamue kwamba kutoka jiwe hadi kona unatembea, kutoka kona hadi mti unakimbia hatua fupi, na juu ya mti unatembea tena hadi kileleni. Kipimo cha kuamua ni pumzi. Sehemu ambayo unaweza kuikimbia huku ukitamka sentensi nzima bila kukatika ni ya kukimbia. Sehemu inayokuruhusu maneno matatu tu ni ya kutembea. Ukishaamua, zifuate alama hizo katika mizunguko yote, usibishane nazo. Mzunguko wa pili zitaonekana za woga, wa tano zitaonekana za haki, na wa nane utashukuru kwamba uamuzi ulifanywa na mtu ambaye bado alikuwa na akili timamu. Dakika 15 kwa mlima huo katika mizunguko ya mwanzo zinatosha kabisa.

Mteremko ndio unaonitia wasiwasi kuliko kupanda, na ningependa uusome mstari huu mara mbili. Mapafu hupumzika wakati wa kushuka; vipimo vya Minetti vinaonyesha kwamba kwenye mteremko wa asilimia 20 hivi gharama ya nishati kwa kila mita hushuka hadi karibu nusu ya ile ya tambarare. Kwa sababu hiyo mkimbiaji mgeni hujisikia yuko huru na kuachia miguu. Lakini misuli ya mbele ya mapaja wakati huo inafanya kazi ya breki: inajikaza huku ikirefushwa, na kazi ya namna hiyo huchana nyuzi ndogo ndogo za misuli kuliko kazi nyingine yoyote ya kukimbia. Uharibifu huo hauumi wakati unafanyika. Maumivu yake makali huja kati ya siku moja na tatu baadaye, ila nguvu za misuli hupungua siku ile ile, na kwenye mbio za muda wa saa 8 utalipia kabla hujarudi nyumbani. Dalili yake unaweza kuiona kwa mtu aliye mbele yako: mapema alikuwa akiteremka kwa hatua nyepesi, sasa anashuka upande upande, magoti yamekaza, anashika miti, na kilomita 2 za mteremko zinamchukua muda mrefu kuliko njia ya katikati. Mtu huyo hakushindwa na milima, alishindwa na mteremko wa mzunguko wa pili.

Kwa hiyo teremka kwa dakika 6 kwa kilomita hata kama mwili unakuambia dakika 5 zinawezekana. Tofauti ni dakika 2 tu kwa mzunguko, na utazirudisha mwishoni utakapowapita waliozichukua. Hatua ziwe fupi na za haraka, mguu utue chini ya mwili badala ya mbele yake, goti likiwa limekunjwa kidogo, na kiwiliwili kisiegemee nyuma, kwa sababu anayeegemea nyuma hukita kisigino na kila kishindo kinageuka kuwa breki. Tazama mita nne au tano mbele, si vidole vyako. Na tumia tena faida ya mzunguko: kila mteremko una mstari wake mzuri kati ya mawe, na ukishaupata katika mzunguko wa pili au wa tatu, miguu itaukumbuka wakati kichwa kimechoka.

Hapa pia ndipo pa kuyaelekeza mazoezi ya wiki zako 10. Misuli iliyowahi kupata dozi ya mteremko hujikinga dhidi ya dozi inayofuata, na kinga hiyo hudumu kwa wiki kadhaa. Tafuta kilima chochote chenye mwinuko unaokaribia ule wa mbio, na mara moja kwa wiki upande kwa kutembea na ushuke kwa kukimbia, ukianza kwa kiasi kidogo na kuongeza taratibu. Kutembea kwa kasi kwenye mwinuko nako ni zoezi la kujitegemea. Wakimbiaji wa barabarani hulidharau, kisha siku ya mbio wanapitwa na watu wanaotembea. Ndani ya wiki hizo weka mazoezi mawili marefu ya muda wa saa 3 hadi 4 kwenye mzunguko mfupi unaokurudisha kwenye begi lako kila mara, ili uzoee kula, kujaza chupa na kuondoka. Mteremko mkali wa mwisho uwe siku 10 hadi 14 kabla ya mbio. Mengine ya ratiba ni yale yale ya maandalizi ya marathoni, ambayo tayari unayajua.

Kuhusu kusimama: kwenye mizunguko tisa utapita kituoni mara nane kabla ya mwisho. Ukitumia dakika 1 na sekunde 20 kila mara, jumla ni dakika 10 na sekunde 40. Ukitumia dakika 4, ambazo hata hutazihisi zikipita, jumla ni dakika 32. Tofauti ya dakika 21 ni zaidi ya theluthi moja ya mzunguko, na imepotea bila kupanda hata hatua moja. Jibu langu, basi, ni kwamba upite kila mara, lakini usisimame. Mita 200 kabla ya kufika, kifuniko cha chupa kiwe kimeshafunguliwa na takataka ziko mkononi tayari kutupwa. Ukishavuka mkeka wa kunasa chipu, yaani kile kifaa kidogo unachovaa ili mizunguko yako ihesabiwe, na kuhakikisha mzunguko umehesabiwa, nenda moja kwa moja kwenye meza yako: chupa tupu inawekwa, chupa iliyojaa inachukuliwa, pakiti ya chakula cha mzunguko huo inaingia mfukoni, na unaondoka ukitembea huku ukitafuna. Mlima mrefu uko mbele yako na sehemu yake ya kwanza ungeitembea hata hivyo, kwa hiyo huko ndiko mezani pako. Pakiti ziandaliwe usiku wa kuamkia mbio na ziandikwe namba, moja hadi nane, ili usilazimike kuchagua chochote ukiwa umechoka. Kama kuna ndugu atakayekusaidia, mweleze mapema kwamba kazi yake ni kukufukuza, na muulize mwandaaji ni eneo gani tu msaada unaruhusiwa, kwa maana mashindano mengi hukataza kupokea chochote nje ya hapo.

Jambo moja tu linastahili kukusimamisha kweli, nalo ni kiatu. Ukihisi sehemu ya mguu inapata moto, usingoje mzunguko mwingine. Dakika 3 za kutoa kokoto, kukausha ngozi na kubandika plasta katika mzunguko wa tatu ni nafuu kuliko lengelenge lililopasuka katika mzunguko wa sita. Kiti kiwepo kwa kazi hiyo peke yake.

Chakula nitakieleza kwa ufupi. Lenga gramu 60 hivi za wanga kwa kila saa, ambazo kwa mzunguko wako ni gramu 50 na kidogo. Wanaochanganya glukosi na fruktosi, na waliozoeza tumbo, hufikia gramu 90. Anza katika mzunguko wa kwanza, wakati huna hamu, kwa sababu tumbo linalopewa kazi baada ya saa ya nne kwa mara ya kwanza hukataa. Vya kutafuna vikuchefua, hamia kwenye vya kunywa, na upunguze kasi kwa dakika kumi ili damu irudi tumboni. Kunywa kwa kufuata kiu. Ushauri wa zamani wa kunywa kwa wingi iwezekanavyo umeachwa, kwa kuwa maji yaliyozidi hushusha sodiamu ya damu chini ya milimoli 135 kwa lita, hali inayoweza kuleta maumivu ya kichwa, kutapika, kuchanganyikiwa na hata kifo, na vidonge vya chumvi havimkingi mtu anayekunywa kupita kiasi. Pete na saa vikianza kukubana huku mkojo na kiu havipo, acha kunywa na umwone mhudumu wa afya. Dawa za maumivu za jamii ya aibuprofeni usizimeze kabisa siku hiyo. Figo zako tayari zina kazi ya kutosha.

Neno kuhusu kichwa, maana mzunguko una mtego wake. Kila baada ya dakika 50 na kitu utapita mahali penye viti, kivuli na watu unaowafahamu, na hakuna mtu atakayekushangaa ukikaa. Kwenye njia ya kwenda moja kwa moja anayetaka kuacha lazima kwanza afike kituo kinachofuata. Wewe utakuwa kituoni tayari. Jiwekee sharti kwamba uamuzi wa kuacha haufanyiki kituoni, unafanyika juu ya mlima mrefu, na kama ukifika huko bado unataka kuacha, kamilisha mzunguko kwanza. Wapo pia watakaokupita wakiwa mzunguko mmoja mbele yako. Usijaribu kuwafuata. Wakikuita kutoka nyuma kwenye njia nyembamba, jibu, chagua upande, sogea pale penye nafasi salama na uendelee na mwendo wako.

Turudi kwenye hesabu, sasa ikiwa na kila kitu ndani yake. Mpango wa mizunguko tisa ninaokupendekezea, kituo kikijumuishwa, ni huu: mitatu ya kwanza kwa dakika 51 kila mmoja, mitatu ya katikati kwa dakika 53, na mitatu ya mwisho kwa dakika 55 na nusu. Jumla ni dakika 478 na nusu. Dakika 51 zinapatikana hivi: mlima mrefu 15, njia ya katikati dakika 17 na sekunde 40, kilima kifupi 5, mteremko 12, na kituo dakika 1 na sekunde 20. Utasema kwamba hapo nimekuwekea akiba, kwani mizunguko ya mwanzo ina kasi kuliko ya mwisho. Ni kweli muda umetangulia, lakini juhudi ni ile ile: alama za kutembea hazibadiliki, pumzi ni ile ile, na tofauti ya dakika 4 na nusu kati ya mzunguko wa kwanza na wa tisa ni uchovu wa kawaida ambao hakuna anayeukwepa. Ukimaliza mzunguko wa kwanza kwa dakika 46, hujafanya vizuri, umekiuka mpango, na dawa yake ni kuupunguza wa pili mara moja.

Ukaguzi wa kweli uko mwisho wa mzunguko wa sita. Mpango unakufikisha hapo ikiwa zimepita saa 5 na dakika 12, na umebakiwa na dakika 168, yaani 56 kwa kila mzunguko. Mtu anayefika hapo kwa saa 5 na dakika 20 kamili yuko sawasawa kwenye wastani wa tisa, lakini usidanganyike na wastani: kwa kuwa kila mkimbiaji hupungua, aliye kwenye wastani katika mzunguko wa sita tayari amechelewa, labda awe amejitunza sana. Baada ya saa 5 na dakika 20 sahau ya tisa bila majuto. Na hapa ndipo ile kanuni ya kupanga wenye mizunguko sawa inapofanya kazi. Watu wengi wanaogundua kwamba watapata minane tu hulegea, hutembea na kupiga picha, ilhali miongoni mwa wote wenye minane anayevuka mapema ndiye anayetangulia. Ukiendelea na mwendo wako wa kawaida kwa mizunguko miwili iliyobaki unaweza kuwapita wengi waliokuwa na nguvu kuliko wewe.

Kama uko ndani ya mpango, mzunguko wa nane utaisha zikiwa zimepita saa 7 na dakika 3, na zitabaki dakika 57. Ukiwa na dakika 55 au zaidi, nenda, usiguse kituo isipokuwa kunyakua chupa. Ukiwa na dakika 53 au 54, nenda ikiwa tu mzunguko uliopita haukuzidi dakika 55: huu wa mwisho hauna kituo mbele yake, na sasa una ruhusa ya kukimbia sehemu ya mlima uliyokuwa ukiitembea na kuachia miguu kwenye mteremko, kwa kuwa hakuna tena mzunguko wa kulipia. Chini ya dakika 53, kaa kwenye kile kiti. Asubuhi ya mbio andika mkononi kwa wino usiofutika: mzunguko wa 3, saa 2 na dakika 33, wa 6, saa 5 na dakika 12, wa 8, saa 7 na dakika 3. Kufikia saa ya sita hutaweza kuzikokotoa kichwani, hata kama hesabu ndiyo kazi yako.